Kioo cha Bi Nuru na Taa ya Saa Tisa

Baba yangu alikuwa Salim Mwangi, na mama yangu Zainabu binti Almasi. Wote wawili walizaliwa Majengo ya Nyeri, nami nilizaliwa papo hapo, katika chumba kilichopakana na ukuta wa msikiti. Hayo yanatosha kuhusu ukoo. Yaandike hivyo hivyo, Rukia mjukuu wangu, wala usiyatie maua. Sikukuita ukae hapa na kalamu ili tuzungumze habari za mababu. Nimekuita kwa sababu Jumamosi iliyopita tulimzika Wangeci huko Wang'uru, na mzee mmoja alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Huyu mama, wakati alikuwa anafanya kazi Nyeri, watu walikuwa wanamuita Redio." Watu wakacheka. Hata wajukuu wake wakacheka, kwa kuwa walidhani ni jina la mapenzi. Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka mbele, na katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua jina hilo lilitoka katika kinywa gani. Nilitazama viatu vyangu mpaka kicheko kikaisha. Tangu nirudi nyumbani sijala nikashiba.

Mwaka ninaotaka uuandike ni ule niliotimiza umri wa miaka ishirini na mmoja, bendera yetu ikiwa imekaa mlingotini miaka ipatayo kumi na mitano. Shule sikuingia. Nilisoma juzuu mbili za Kurani chuoni kwa mwalimu wetu, kisha nikaitwa nyumbani kulea wadogo, na kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kufanya kazi kwa Bi Nuru, mwanamke wa Majengo aliyekuwa na saluni mjini, kwenye barabara inayoteremka. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti vinne, beseni mbili, jiko la makaa la kupashia vitana vya chuma, na rafu ya mafuta yenye harufu ya nazi na ya nywele zilizoungua kidogo. Ukuta wa mbele wote ulikuwa kioo, tangu kiunoni hadi darini, na kioo hicho kilitazama machweo. Kuanzia saa nane mchana jua liliingia humo kama mgeni asiyebisha hodi. Lilipausha vitambaa vya viti, likayeyusha mafuta rafuni, likawachoma wateja mashavu. Tulikuwa na pazia zito, lakini pazia lilifanya chumba kuwa pango, na mara mbili upindo wake ulishika moto kwenye jiko. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya chai yenye benchi barazani, na katika benchi hilo waliketi madalali wa mbuzi na wanaume wengine wasio na haraka. Benchi lile lilitutazama kutwa nzima. Kwa sababu yake wanawake wengi wa Majengo hawakuja kwetu, maana mwanamke anayefunika nywele zake barabarani hawezi kuzifunua dirishani.

Tulikuwa wafanyakazi wawili, mimi na Wangeci. Alikuwa amenizidi miaka mitatu. Kwao ni Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, na alikuwa akiishi Ruring'u na dada yake. Saa saba tulikula pamoja nyuma ya rafu, tukiwa tumeketi juu ya makreti ya soda: yeye alileta githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, au wali wa kwao ambao ukifunuliwa ulinukia hadi mlangoni, nami nilileta chapati. Chapati zangu zilikuwa ngumu, naye hakukosa kulisema. "Shamsa, hii nikipeleka kwa fundi wa viatu, si atashukuru?" Alikuwa na kicheko kikubwa na alizungumza na kila mtu, hata wanaume wa benchi alipovuka kwenda kununua maziwa. Jambo hilo halikunipendeza. Mimi tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuchungulia chini ya mkeka kabla sijauketia. Niliamini kwamba mtu anayezungumza na kila mtu hawezi kuwa na siri, na kwamba asiyekuwa na siri yake hatunzi ya mwenzake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona mwenye busara.

Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali, Bi Nuru alileta fundi aliyeitwa Ndirangu. Alikuja amekumbatia mviringo mrefu uliofungwa kwa blanketi, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, yenye rangi ya fedha upande mmoja. Ninyi leo mnaiita tinti, na mnaiona kila mahali, benki, hospitali, hata magari ya maharusi. Wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Ndirangu alisema ameibandika katika nyumba za wakulima wa ngano huko Timau, na kwamba ina kazi tatu, akazihesabu kwa vidole. Ya kwanza, inarudisha joto la jua lilikotoka, kwa hiyo chumba kinapoa na vitambaa havipauki. Ya pili, kioo kikivunjika inakishika, vipande visimwangukie mtu. Ya tatu ni sitara: aliye ndani anaona nje, aliye nje anajiona mwenyewe. Bi Nuru aliniuliza naonaje. Nikasema mbele ya fundi kwamba mwanamume anayejichagulia kazi ya kubandika madirisha ya wanawake anafaa kuulizwa maswali. Ndirangu hakukasirika. Aliosha kioo kwa maji ya sabuni mpaka kikalia, akailoweka karatasi, akailaza, kisha akasukuma maji yatoke kwa kipande cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Kingo alizikata kwa wembe. Nilimfuata nyuma nikipitisha ukucha kila kona, nikitafuta tundu aliloacha.

"Dada," akasema, "ukikwaruza itabaki na kovu. Na msioshe na majivu. Sabuni na kitambaa laini, basi."

"Wacha yeye, fundi," Wangeci akasema kutoka kwenye beseni. "Huyu hata akiingia peponi, kwanza ataangalia kama mlango iko na kufuli."

Ndirangu alipomaliza, Bi Nuru akaliondoa pazia, lakini mimi sikukubali neno lake. Nilitoka nje mwenyewe saa sita mchana, jua likiwa utosini, nikamwagiza Wangeci abaki ndani afanye vituko vyovyote apendavyo. Nilisogea hadi pua ikagusa kioo. Niliona mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa buluu na uso wa kushuku, na nyuma yake hoteli, benchi, na wanaume wenye vikombe wakimtazama. Ndani sikuona hata kivuli. Niliporudi, Wangeci alikuwa akitweta. "Hujaona? Nimetoa kitambaa, nikakutolea ulimi, nikacheza mwomboko mpaka mwisho. Ati hata mwomboko hujaona?" Nilirudia jaribio hilo siku tatu mfululizo, zote za jua. Wanawake wa Majengo walipokuja kuuliza, nilikula yamini mbele yao. Nilisema, "Wallahi, aliye nje haoni ndani. Nimekipima kwa macho yangu." Watu walinijua kuwa simwamini mtu, kwa hiyo walipoona nimeapa, waliamini. Hata leo nikipita kioo cha namna hiyo, huikumbuka sauti yangu ya siku ile, na jinsi ilivyokuwa imenyooka.

Sitaki kuidhulumu karatasi ile. Neno lake la kwanza lilikuwa kweli: saa nane chumba kilikuwa na mwanga mtulivu wa rangi ya chai ya rangi, na mafuta yalikaa rafuni bila kuyeyuka. La pili tuliliona wakati wa mvua za masika. Mkokoteni wa viazi ulimponyoka mwenyewe kwenye mteremko, ukaja kinyumenyume, na mpini wake ukapiga kioo chetu kwa kishindo kilichotuziba masikio. Chini ya pigo lile kabisa alikuwa ameketi mke wa mwalimu wetu wa chuo, kichwa kikiwa kimejaa povu. Kioo kilipasuka kuanzia kona hadi kona, mistari ikatawanyika kama utando wa buibui, lakini hakikuanguka hata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kilibaki pale kimening'inia, kimeshikwa na ile ngozi ya plastiki, na mke wa mwalimu alisoma dua zote alizozijua bila kusimama kitini. Bi Nuru alinunua kioo kipya, Ndirangu akaja kukibandika, nami kwa mara ya kwanza nikampa chai. Nikajiambia kwamba karatasi hii imesema mambo matatu, na mawili nimeyashuhudia. Kuanzia siku hiyo niliacha kukishuku kioo. Lakini tabia ya kushuku haikufa. Ilihama tu, ikatafuta mtu wa kukalia.

Mwezi wa saba ulipofika, yakaja majira ya baridi ambayo Wagikuyu huyaita gathano. Wewe umekulia Nairobi, huyajui vizuri. Nyeri wakati huo hufunikwa na ukungu tangu asubuhi, jua huwa hadithi, na saa tisa mchana ni kama Magharibi inakaribia. Nasi tulikuwa na karatasi inayopunguza mwanga hata siku ya jua. Chumba kikawa giza, vitana vikaanza kukosea njia, na Bi Nuru akaagiza tuwashe taa ndefu nyeupe ya umeme iliyokuwa darini, mchana kutwa ikibidi. Kazi ya swichi ilikuwa yangu, kwa kuwa ilikuwa karibu na kiti changu. Hakuna aliyefikiri jambo lolote. Nani anafikiri juu ya taa mchana?

Siku moja katika majira hayo aliletwa kwetu Sauda, binti wa Majengo, aliyekuwa ameposwa na kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Zilikuwa zimebaki siku tisa harusi ifanyike. Sauda alikuwa na nywele nyingi zilizoshuka karibu na kiuno, na nyuma ya shingo, chini ya nywele, alikuwa na kovu la moto la utotoni, la umbo la harage, ambalo hata mimi jirani yake sikuwa nimewahi kuliona. Niliwasha taa, nikamkalisha kiti cha mbele, nikamwosha, nikamgawanya nywele. Wangeci alikuwa ametumwa maziwa. Aliporudi, hakuweka chupa mezani kama kawaida. Alisimama mlangoni, ukungu ukiwa umemtua kichwani kama unga, akatutazama, kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye swichi na kuizima.

"Wangeci, unafanya nini?"

"Si ni mchana? Hebu tufanye bila taa."

"Nitachana vipi nywele za bibi harusi gizani?" Nikainuka, nikawasha tena. "Kama umechoka kazi, sema."

Alifungua mdomo, akamtazama Sauda, akaufunga. Kisha alichukua taulo kubwa kuliko zote, akaenda kusimama kati ya kiti na kioo, akalikunjua kwa mikono miwili kana kwamba analikausha, na akabaki hivyo. Nilimkemea kwamba analipwa kusimama. Alisema mikono yake ina baridi. Alisimama pale hadi nilipomaliza kusuka na Sauda akajifunika. Nikaweka jambo hilo moyoni, si kwa kulielewa, bali kama mtu anavyookota msumari akidhani siku moja utamfaa.

Siku ya nne baadaye alikuja Bi Halima, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu aliyetoka Nanyuki kwa gari la asubuhi bila hata kunywa chai. Sauda alikuwapo, maana ilikuwa siku ya kupanga mambo ya hina. Bi Halima hakuketi. Alisema kwamba dalali mmoja wa mbuzi, mnywaji wa chai katika hoteli iliyo ng'ambo, amesikika sokoni Nanyuki akieleza jinsi nywele za bibi harusi zilivyo ndefu, na kwamba nyuma ya shingo ana kovu kama harage. "Sikuja kupiga kelele," akasema. "Nimekuja kujua. Kama ni ulimi wa mwanamke uliopeleka habari, ulimi hauna mfupa, tutaukanya na harusi itaendelea. Lakini kama ni macho ya mwanamume yaliyomwona mke wetu kichwa wazi, kaka yangu amesema mahari yarudi na kila mtu abaki kwao."

Sauda alikaa akitazama mikono yake. Bi Halima akaelekeza kidole kwenye dirisha. "Hiki kioo kinaonyesha?"

"Wallahi hakionyeshi," nikasema. "Nilikipima mwenyewe."

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limetokeza kidogo, na taa haikuwa imewashwa. Bi Halima alitoka nje, akasogeza uso, akakaa hapo muda wa kutosha kusoma Fatiha mara kumi. Akarudi. "Kweli. Nimejiona mimi mwenyewe na uzee wangu. Basi ni ulimi. Wa nani?"

Hapo ndipo nilipoutoa msumari wangu. Nilisema, kwa sauti ya mtu mwenye haki, kwamba katika nyumba hii ni mmoja tu anayevuka barabara kila siku na kucheka na benchi lile. Nilisema kwamba siku Sauda alipokuja, mtu huyo alirudi kutoka huko, akazima taa bila sababu, kisha akasimama hapo mbele kumchunguza bibi harusi badala ya kufanya kazi. Kisha nikasema lile neno. Liandike wazi. Nilisema, "Bi Nuru, kumbe tumefuga redio humu ndani."

Wangeci alikuwa ameshika kitana. Alitazama taa darini. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu. Kisha akamtazama Sauda na mikono yake. Hadi leo naweza kukuambia maji yalivyokuwa yakidondoka kwenye beseni.

"Ni mimi," akasema. "Nilisema. Mdomo yangu haina breki, mnajua."

"Ulimwambia nani?" Bi Halima akauliza.

"Huyo dalali. Alikuwa anauliza mambo ya harusi, nikajisahau. Mniwie radhi. Huyo msichana hajaonekana na mtu."

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kreti lake. Bi Nuru hakuhitaji kumwambia aende. Sufuria yake ya githeri ilibaki nyuma ya rafu, na saa saba nilikula chapati zangu peke yangu, nikiwa na furaha ya mtu aliyethibitishwa. Harusi ilifanyika siku iliyopangwa. Mji wa Nyeri ni mdogo. Kabla mwezi haujaisha, kila saluni Wangeci aliyobisha hodi ilikuwa imekwisha kusikia habari za Redio, na hakuna mwanamke anayemkabidhi kichwa chake mtu anayeitwa hivyo. Alirudi kwao Wang'uru kupeta mchele wa watu.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa kuwa Wangeci hakuwapo, kazi ya maziwa ikawa yangu. Wiki tatu baada ya harusi, bado ni gathano, nilijifunika nikavuka barabara saa tisa mchana katika ukungu mzito. Nilinunua maziwa bila kumtazama mtu usoni, nikageuka kurudi, na nikasimama katikati ya barabara kama mbuzi aliyepotewa na kundi. Kioo kilikuwa hakipo. Nasema hakipo kwa maana macho yangu hayakukiona. Niliona chumba chetu chote kimeangazwa kama duka la dhahabu: rafu, chupa, kalenda ukutani, na Bi Nuru akimchana mke wa mwalimu wetu wa chuo, kichwa wazi, kila jino la kitana likihesabika. Mtu wa benchini angeweza kuona zaidi kuliko nilivyokuwa nikiona mimi nikiwa ndani. Niligeuza shingo. Wanaume wa benchi walikuwa wametulia na vikombe vyao, wakitazama. Hawakuona hata haya. Mmoja alijisogeza ili mwenzake apate nafasi ya kukaa.

Ndirangu alinieleza baadaye kile ambacho angenieleza siku ya kwanza kama ningemuuliza kwa heshima: karatasi ile haichagui nje wala ndani. Humficha aliye upande wenye giza asionwe na aliye upande wenye nuru. Jua likiwa nje, hujiona aliye nje. Nje kukiwa na giza na ndani kuna taa, sitara yote hugeuka. Timau, akasema, kila mwenye nyumba hujua kuteremsha pazia jioni. Hakudhani mtu atawasha taa saa tisa mchana. Nami nilikuwa nimekipima kioo siku za jua tupu, nikaapa kwa ajili ya mwaka mzima.

Lakini pale barabarani sikuwa nikifikiri habari za Timau. Niliingia ndani, ukungu ukinidondoka, sikuweka maziwa mezani, nikaenda hadi kwenye swichi na kuizima. Bi Nuru akainua kitana. "Shamsa, na wewe? Una nini?" Nikafungua mdomo. Nikamtazama mke wa mwalimu, mama mwenye heshima, aliyekuwa akitabasamu akisubiri jibu. Nikaufunga mdomo. Na wakati uleule nilijua mahali nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama katika nyayo za Wangeci, zilezile, chupa ya maziwa mkononi. Yeye alikuwa ameona, na hakuweza kusema mbele ya Sauda bila kumvunja moyo. Hata faraghani hakuniambia baadaye, na nadhani nilimzuia mwenyewe nilipomkemea. Aliufanya mwili wake sitara, pamoja na taulo lile. Na siku ya Bi Halima alikuwa na jibu moja tu la kujisafisha, nalo ni kwamba taa ilikuwa imewaka na benchi zima lilimwona bibi harusi. Alilimeza. Akachagua kuwa ulimi ili Sauda asiwe mwanamke aliyeonekana.

Jioni hiyo nilimweleza Bi Nuru yote. Alikaa katika kiti cha mteja, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Kisha akasema, "Tutaweka pazia nyuma ya karatasi, siku za ukungu lishushwe kabla ya taa. Na wewe utanyamaza. Ukimsafisha Wangeci leo, kesho Sauda anarudishwa." Neno lake lilikuwa sawa. Uovu wake ni kwamba lilikuwa sawa na pia lilinifaa mimi. Nilinyamaza kwa ajili ya Sauda, lakini niliyelala salama ni mimi.

Nilikutana na Wangeci mara moja tu baada ya hapo, miaka kadhaa baadaye, karibu na uwanja wa Ruring'u, akiuza mchele kwa kopo. Alikuwa amenenepa na kicheko kilikuwa kilekile. Nilianza kusema niliyokuwa nimeyapanga, nikajikwaa. Alinipimia mchele huku akinisikiliza, akaongeza konzi moja ya bure.

"Mliweka pazia?" akaniuliza.

"Tuliweka."

"Basi," akasema. "Na chapati? Bado ni za fundi wa viatu?"

Sikuomba radhi yangu hadi mwisho. Kulikuwa na wateja nyuma yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka yote hii, na unaona mwenyewe jinsi ilivyo nyembamba.

Juzi, kabla sijakuita, nilimpigia simu Sauda huko Nanyuki. Mumewe alifariki zamani, Mungu amrehemu, na Bi Halima kabla yake. Nilimwambia nataka kuyasema haya na jina lake litakuwamo. Akacheka. "Shamsa, mimi ni nyanya wa watu kumi na mmoja. Nani atanirudisha sasa, na anirudishe wapi?" Kisha akaacha kucheka. "Nilimwona alivyolishika lile taulo," akasema. "Nilidhani ananisitiri baridi. Sema yote."

Basi, Rukia, haya ndiyo ya kutunza. Tunza aproni iliyo chini kabisa ya sanduku langu. Imekunjwa mara nne, na ikunjwe hivyo daima. Usiifue. Tunza karatasi hizi, lakini kwanza uzinakili kwa mwandiko wako mzuri na nakala hiyo uipeleke Wang'uru kwa binti yake Wangeci. Usiiache mlangoni wala usiitume kwa simu. Keti, kubali chai utakayopewa, uwasomee kwa sauti wajukuu wale waliocheka, na usilainishe neno langu lolote hata likikuaibisha. Mkibandika vioo nyumbani kwenu, ni vizuri, joto ni kali siku hizi na vioo vinaua, lakini mtu atoke nje avitazame siku ya ukungu, taa ikiwa imewaka, kabla hajawaambia wageni kwamba wamesitirika. Na jina Redio lisitamkwe tena katika nyumba yangu. Ukifika mwisho wa karatasi, andika jina lake lote, Wangeci wa Gathogo. Chini yake andika kwamba hakusema neno kwa mtu yeyote. Yeye aliizima taa. Niliyeiwasha ni mimi, mara mbili.